Mkwe Hatapiki Mbele ya Mkwe

Mke wangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji, bado hajaweza hata kunyanyua ndoo, hivyo kumpeleka mama yake Dar es Salaam kwenye dawa za saratani kuliniangukia mimi. Saratani yenyewe ya titi. Kwetu Kibiti mkwe wa kiume hakai mkeka mmoja na mama mkwe, seuze kulitaja titi lake.

Tuliporudi tukampa chumba cha uani. Kila asubuhi nilisimama mbali na mlango nikimuuliza hali.

"Sijambo, baba. Nimekunywa uji, alhamdulillahi."

Lakini kuku walikuwa wakigombania kitu chini ya dirisha lake. Na redio yake ilikuwa ikipandishwa sauti ghafla, kisha ikishushwa. Nilielewa inaficha sauti ya kutapika. Ulikuwa msimu wa mchele mpya, majirani wanapika wali wa nazi, harufu imejaa uani, na yeye aliyeupenda wali kuliko chakula chochote alikuwa akijiziba pua kwa kanga.

Siku moja redio ilipanda, haikushuka. Nikaita, "Mama?" Nikaita tena. Nikabaki kizingitini, mguu hauendi.

Mke wangu akapiga kelele kutoka kitandani, "Ingia! Unangoja nini?"

Nilimkuta sakafuni, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Nikamnyanyua, alikuwa mwepesi hadi kunitisha. Akavuta kanga usoni.

"Baba, usinitazame."

"Sikutazami, mama. Nakubeba tu."

Kituo cha afya wakamtundikia dripu. Muuguzi akaniuliza ametapika tangu lini. Mama akajibu mwenyewe, kwa sauti ndogo: "Tangu tuliporudi. Hata mate yangu yananichefua. Kule sirudi tena. Afadhali titi liniue."

Nilifikiria nitakavyomweleza mke wangu maneno yale.

Muuguzi akaketi kando yake. "Mama, dawa za kuzuia kutapika ziko za namna nyingi. Hii ikishindwa, hujaribiwa nyingine. Ila daktari asipoambiwa atajuaje?"

Alikubali kurudi, kwa sharti kwamba mimi ndiye niseme. Nikaingia naye kwa daktari, nikayasema yote huku natazama sakafu: kutapika, uji uliomwagiwa kuku, redio. Wakambadilishia vidonge, wakasisitiza avimeze kabla kichefuchefu hakijaanza.

Hakikuisha, kilipungua. Sasa muhogo wa kuchemsha uliopoa unakaa tumboni, na maji ya ndimu anayanywa kidogo kidogo. Dozi bado zimebaki, na kila moja ikikaribia silali vizuri.

Jana aliniita mwenyewe. "Baba, leo imenizidi. Niletee beseni."

Nikakimbia nalo. Nililishika mpaka akamaliza.