Kitana Chekundu cha Sehemu ya Thelathini na Moja

Kazi ya dobi ilikuwa kunyoosha. Mashuka ya hospitali yalimfikia yakiwa na unyevu, mazito kama mtoto aliyelala. Aliyalisha kati ya roli mbili za moto, yakatokea upande wa pili yamenyooka. Huko yalipokelewa na mwanamke wa kukunja, aliyeitwa Mama Foronya kwa sababu alikunja foronya nne wakati wenzake wanakunja moja, na hakuruhusu mtu asahau hilo. Wa tatu alikuwa mzee wa toroli, aliyezipeleka nguo wodini. Kwa miaka kumi na moja watu hawa walikuwa wakiongea habari za miguu kuuma, joto la mvuke na vituko vya msimamizi. Kisha ikaja hadithi.

Dobi hakuwa amefungua kitabu tangu amalize shule, na hata vile vya shule vilikuwa vimechanika, vikianzia ukurasa wa tisa. Siku moja, akiwa kwenye foleni ya benki, alikuta kwenye simu kipande cha hadithi ya mkunga aliyefukuzwa na ukoo wa mumewe. Alikisoma mara mbili, foleni ikampita. Jioni ile alitafuta mwandishi, akalipa kiingilio kidogo, akaingizwa kwenye kundi la wasomaji ishirini na watano, kila mmoja akitumiwa sehemu mpya faraghani kila Jumatatu na Alhamisi. Sharti lilikuwa moja: usimtumie mtu mwingine. Mwandishi alitaka siku moja hadithi itoke kitabu, na alijua kuwa mchapishaji hatagusa kitu ambacho kila mtu anacho mfukoni.

Kufikia sehemu ya tisa, dobi alikuwa akisoma anaponyoa ndevu. Lakini sehemu hiyo ilimkera. Mkunga alikuwa anafua shuka lenye damu kwa maji ya moto. Akashindwa kuvumilia, akamwandikia mwandishi faraghani: "Samahani dada, mimi ni dobi. Damu haifuliwi kwa maji ya moto, inaganda moja kwa moja. Maji baridi na chumvi."

Jibu lilikuja kabla ya saa kupita. "Asante sana, kaka. Nimerekebisha. Ungekuwa karibu ningekukaribisha chai."

Ujumbe huo aliusoma mara nyingi kuliko sehemu yoyote ya hadithi. Tangu siku hiyo mwandishi alimwita Kaka Dobi mbele ya kundi zima, naye akawa anatembea kifua mbele.

Kosa lilianzia hapo. Alianza kuwasomea wenzake wakati wa chai, saa nne, wamekalia vikapu vya nguo chafu.

"Unasoma kama mtu anayehesabu mashuka," Mama Foronya alimwambia. "Nitumie nisome mwenyewe."

"Imekatazwa."

"Imekatazwa na nani?"

Angeweza kuishia hapo. Badala yake alisema, "Basi tu. Mwandishi ni mtu wangu, ameniruhusu."

Hakuna aliyekuwa amemruhusu. Akawatumia wote wawili, na chini akaandika: usimpe mtu. Kila Jumatatu na Alhamisi walimsubiri mlangoni kama mgonjwa anavyomsubiri daktari, na dobi, ambaye maisha yake yote alikuwa akisubiriwa kwa ajili ya mashuka tu, alishindwa kuiacha raha ile.

Baada ya sehemu ya thelathini na moja, Alhamisi ilifika bila hadithi. Kulikuwa na ujumbe. Dobi aliusoma amesimama kwenye mashine.

"Ndugu zangu. Hadithi yangu inasambazwa mtandaoni, jina langu limefutwa. Kwa hiyo sehemu ya thelathini na moja niliiandika mara ishirini na sita. Katika nakala ya kila mmoja wenu, mkunga amesahau kitu tofauti kwenye kiti. Kuna aliyeona miwani, kuna aliyeona kijiko, kuna aliyeona ufunguo. Huko mtandaoni amesahau kitana chekundu. Sitamtaja mtu. Namsubiri aseme mwenyewe. Hadi hapo, sehemu ya thelathini na mbili haitoki."

Shuka lilijikunja kwenye roli, likaanza kutoa harufu ya kuungua.

Kitana chekundu! Vipindi viwili vya chai vilikuwa vimeishia kwenye kitana hicho. Mama Foronya alikuwa ameapa kwamba ni cha mke mdogo. Mzee wa toroli aliuliza ni mkunga gani anayekwenda kuzalisha watu amebeba kitana. Walibishana hadi msimamizi akatoa kichwa mlangoni. Kumbe kitana hakikuwa cha mtu yeyote kwenye hadithi. Kilikuwa chake yeye. Na mwanamke asiyejua sura yake alikuwa ameketi, baada ya kazi zake za mchana, akaandika kitu kilekile mara ishirini na sita kwa ajili ya mtu mmoja.

Kwenye kundi moto ulikuwa umewaka. Mmoja akaandika kwamba mambo yaliharibika tangu aingie yule mgeni, binti wa chuo aliyejiunga majuzi. Watu kumi na wanne wakaweka alama ya kidole gumba kuunga mkono. Dobi akaweka cha kumi na tano. Baadaye hakuweza kujieleza hata mwenyewe. Kidole kilitangulia.

"Mimi niliona kijiko, jamani," binti aliandika. "Kijiko."

Akatoka kwenye kundi. Dakika chache baadaye mwandishi akaandika: "Mmemwonea. Si yeye." Vile vidole vikaanza kuondolewa kimoja kimoja. Dobi aliondoa chake, na simu haikuacha alama yoyote kwamba kiliwahi kuwapo. Hilo ndilo lililomfanya atamani ardhi ipasuke.

Kesho yake saa nne Mama Foronya alinyoosha mkono. "Haya, lete."

"Mtandao unasumbua."

"Unasumbua wapi? Mimi tangu asubuhi napokea picha za harusi za watu nisiowajua!"

"Anaturingia huyu," mzee alisema. "Anataka abembelezwe."

Dobi aliweka kikombe chini. "Mama Foronya, ulimpa mtu?"

"Nimpe nani? Dada yangu tu. Na nilimwambia asimpe mtu."

Maneno hayo dobi aliyajua. Akawaeleza yote, hadi kidole gumba, macho yakiwa kwenye sakafu yenye maji ya sabuni.

"Kwa hiyo hakukuruhusu," Mama Foronya alisema polepole.

"Hakuniruhusu."

"Na sisi tukawa tunakula cha wizi, tunashiba, tunabishana." Alisimama. "Sasa unakaa hapa unatuambia sisi? Sisi ndio tuliokosewa?"

Dobi aliandika palepale alipoketi kwenye kikapu. Mara ya kwanza ujumbe ulikuwa mrefu, umejaa sababu. Akaufuta. Ulioenda ulikuwa huu: "Kitana ni changu. Yule dada hakuhusika, na mimi ni mmoja wa waliomwekea kidole. Naomba radhi kwake, kwa mwandishi na kwenu."

Mwandishi alimjibu faraghani. "Nilipokiona kile kitana nilirudia orodha mara tatu, Kaka Dobi. Nilidhani nimekosea mimi." Halafu simu ikamwarifu kwamba ameondolewa kwenye kundi. Kama binti wa chuo alirudi, hakuwa na namna ya kujua.

Wiki iliyofuata Mama Foronya alilipa kiingilio chake mwenyewe na kutoa ahadi. Jumatatu, wakati wa chai, alikaa akasoma kimya.

"Sema basi, imekuwaje?" mzee alimsihi.

"Nimeahidi, mzee wangu. Lipa na wewe."

Dobi hakuuliza. Alimtazama akicheka peke yake, kisha akiacha kucheka, kisha akiweka kiganja mdomoni. "Jamani, mkunga wa watu," alinong'ona. Alipoinua macho na kukutana na ya dobi, aliigeuza simu kifudifudi juu ya goti.

Chai ilikuwa bado nusu kikombe. Dobi aliinuka, akawasha mashine, akaanza kulisha mashuka.