Njia ya Zahanati

Mtambo wetu uliitwa ATM, na kila mgeni aliuliza kama unatoa pesa. Hautoi. Ni mtambo mkongwe wa kupitisha simu na data, ambao mijini walishautupa, lakini sisi huku kwenye mashamba ya chai tulikuwa bado tunaubembeleza. Kazi yangu ilikuwa kuupangia njia. Waya ni mmoja, lakini ndani yake hupita njia kadhaa, kila moja na namba yake: kiwanda, stoo, zahanati ya kambi ya wachumaji. Porti ya waya huo, yaani tundu unapochomekwa mtamboni, ilikuwa imepangiwa namba chache, na zote zilikuwa zimeshikwa.

Kisha bosi akataka kamera kwenye banda la kupimia majani, ili aone kutoka kitini kwake ni mchumaji gani anapumzika. Nilimweleza polepole. Tunaweza kuipanua porti ipokee namba zaidi, ila haikubali kupanuliwa ikiwa kazini. Lazima nifute njia zote, huku na kule, nizipange upya. Kiwanda kingekaa kama saa moja bila mawasiliano.

"Kiwanda haiwezi nyamaza juu ya simu ya Panadol," alisema. "Chukua namba ya dispensari, upatie kamera."

Nilimwambia kambi iko bondeni, simu za mkononi hazishiki, na nesi hutumia laini hiyo kuita gari la wagonjwa.

"Si wako na miguu?"

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na huyu hakutaka hata kutajiwa njaa. Alisimama nyuma yangu mpaka nikafuta njia ya zahanati. Nilimchukia, lakini namba ile nikaipa kamera.

Kesho yake nesi, mama wa makamo aliyezalisha nusu ya watoto wa kambi, alipanda kilima mpaka ofisini.

"Bosi, sasa nikipata mama wa kujifungua, nitaita nani?"

"Ita Mungu."

Makarani walicheka. Bosi akitania, lazima ucheke.

Haikupita muda. Alasiri moja ya mvua kubwa, bosi aliniita nitazame kamera pamoja naye. Wanaume wanne walitokea kwenye skrini wakiwa wamembeba mwanamke kwa blanketi, wakiteleza kwenye matope. Nesi alikuwa nyuma yao. Walipofika bandani walimlaza sakafuni, kando ya magunia ya majani, kwa maana hawakuweza kwenda mbele tena. Nesi aliangalia juu, akaiona kamera. Akaja chini yake, akainua mikono miwili na kutupungia. Mdomo wake ulikuwa unasema kitu, lakini kamera ile haikuwa na sauti.

Bosi aliendelea kutazama. Nilitoka mbio nikamtafuta dereva, tukateremka na gari la wagonjwa. Tulimkuta mama yuko hai. Mtoto alikuwa amefungwa kwenye leso ya nesi, hapumui. Nesi alinisogezea upande mmoja wa blanketi, nikashika.

Jioni nilirudi ofisini nikiwa nimelowa, damu ya mtu kwenye shati. Bosi alikuwa amesimamisha picha pale pale nesi alipoinua mikono.

"Ona vile iko safi," alisema. "Mpaka vidole unahesabu. Itunze hiyo, wakubwa wakikuja niwaonyeshe."