Dubla ya Murekatete

Wanaonijua sokoni Gisenyi wanajua kwamba mimi, Verediane, sina ulimi wa kubana. Nauza sambaza, vidagaa vya Ziwa Kivu. Nilikaa Bukoba kwa mume miaka kumi na minane, nikarudi na Kiswahili ambacho wenzangu wananicheka nacho mpaka leo, wananiita Mtanzania. Waache wacheke. Nataka kumsema mtoto wa kaka yangu, na nitamsema kwa sauti, maana wapo waliomdharau na bado tunapishana nao barabarani.

Anaitwa Murekatete, na kazi yake ni kupiga picha. Alianzia ufukweni pale mjini, akiwapiga watu wanaokuja kuogelea Jumapili. Akaingia kwenye harusi, akaingia kwenye ubatizo. Miaka minne ya kusimama kwenye harusi za wenzake, yeye mwenyewe hajaolewa, ndiyo iliyompa lenzi yake ndefu ya mkono wa pili, nzito kama mchi. Ukiivuta inatoka, ukiirudisha inaingia, na kitu cha mbali kinasogea. Ilikuja pamoja na kitu kidogo, pete nene ya chuma yenye vioo ndani, inayokaa katikati ya kamera na lenzi. Wapiga picha wa huku wanaiita dubla. Ukiiweka, lenzi inaona mbali mara mbili ya ilivyokuwa ikiona.

"Lakini inakula mwanga, shangazi," aliniambia siku aliyonionyesha. "Ikikuta sehemu nne ya mwanga, inakuachia moja tu."

"Basi hiyo ni mwizi!"

"Ni mwizi wa nyumbani," akasema. "Nimemuzoea."

Aliyekuwa hajamzoea huyo mwizi ni Egide. Egide ana studio karibu na njia ya kwenda mpakani, ana kamera mpya, ana miwani ya jua anayoivaa hata mvua ikinyesha. Kila akimwona Murekatete na mzigo wake alikuwa na neno. "Bon, dubla ni ya watu wenye hawana lenzi," alisema mbele yangu, na vijineno vyake vya Kifaransa. Nilimjibu jibu ambalo siliandiki hapa.

Sasa nimweleze kaka yangu, maana bila yeye hakuna habari. Bimenyimana ni mvuvi wa Nyamyumba. Sisi huku tunavua kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu ukining'inia chini, na kasia zinakwenda kwa wimbo. Mmoja anaongoza, wengine wanaitikia. Anayeongoza hana maneno ya kukariri. Anayatunga palepale: anamsifu huyu, anamsema yule mvivu, anamkumbuka mama yake. Bimenyimana ameongoza miaka thelathini na moja. Mke wake, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Goma, kwa hiyo nyumba ile Kiswahili chao ni cha kule, na mkinisikia nawanukuu msidhani nimesahau shule.

Macho ndiyo yaliyomwangusha. Hospitali walisema ni presha ya macho, na kilichokwisha kuondoka hakirudi. Kaka yangu anaona kilicho mbele yake tu, kama anachungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Wenzake wa ushirika walimfuata nyumbani kwa heshima. Wakamwomba kwamba ziwa likifungwa samaki wazaane, nafasi yake aichukue mwenzao Wenceslas. Akasema sawa. Siku ile hakula.

Murekatete naye hakula. Kesho yake akaja kwangu na neno lake.

"Shangazi, mi nataka picha ya papa kazini. Kubwa kama mulango. Aione yeye mwenyewe mbele macho haijaisha."

Tulikuwa na siku tisa kabla ya ziwa kufungwa. Nilidhani jambo rahisi, si ni babake! Tukamwendea.

"Pale ufukweni nisimame?" kaka yangu akasema. "Sitaki. Mutu anasimama vile kwa picha ya pasipoti. Kama unanitaka, unikamate kazini. Na usikatize mitumbwi njia."

Hilo la mwisho ni mwiko. Mitumbwi ikirudi asubuhi, chombo kingine hakipiti mbele yake wala hakiisogelei, maana wavuvi wetu wanasema unaondoa riziki ya kesho. Na kabla mitumbwi haijagusa mchanga, mwimbishaji anakaa chini, ananyamaza, wimbo umekwisha. Kwa hiyo ukimtaka Bimenyimana akiwa Bimenyimana, lazima umpige kwa mbali, wakati wanapinda kona ya mlima, kwenye mwanga wa saa kumi na mbili asubuhi ambao haujashiba. Murekatete akapata jiwe juu ya kona ile. Kutoka jiwe hadi njia ya mitumbwi ni kama mita mia mbili.

Siku ya kwanza alipiga picha mia mbili na zaidi. Zote ukungu! Alibonyeza pale wimbo ulipopamba moto, wanaume wanavuta, povu linaruka, na kila kitu kikatikisika, kwa kuwa mwizi alikuwa amekula mwanga na kamera ilibidi ifumbue jicho muda mrefu kidogo. Tukampelekea Egide, maana yeye ndiye mwenye mashine ya kuchapa picha kubwa.

Egide akacheka mpaka akavua miwani. "We toa ile dubla. Piga bila yenyewe, halafu nakata hapa, nakata hapa, nakuza. Ni kitu ya dakika mbili."

"Ukikata na ukikuza, uso inakuwa kama muchanga," Murekatete akasema. "Wewe unaweza kurudi nyuma uangalie picha kwa mbali. Papa hawezi. Papa ataweka pua pale."

"Donc umuletee kiti, umupige hapa studio."

Mtoto akaondoka bila kuaga. Mimi niliaga, kwa niaba ya ukoo mzima, na watu wa barabarani walisimama kusikiliza.

Jioni ile alikaa jikoni kwangu na kamera yake, anazipitisha zile picha mbovu moja moja. Mimi nachambua sambaza. Nilimwambia azifute, zinaumiza roho. Akaendelea kuzipitisha, kisha akanivuta mkono na magamba yake yote.

"Shangazi, angalia hii. Na hii. Na hii ya tatu. Zimetulia kidogo. Angalia mudomo ya papa."

Nikaangalia. Katika zote tatu kaka yangu alikuwa amefungua mdomo, na wenzake wote wamefunga. Kasia ziko juu, hewani.

Jamani! Wimbo ule nimeusikia tangu tumboni mwa mama. Baba yangu aliuimba, babu aliuimba. Sikuwahi kuona kwamba mwimbishaji akitoa neno lake, watu wanainua kasia na kumsikiliza, na mitumbwi inateleza yenyewe bila kutikisika. Wakiitikia ndipo wanavuta. Neno lake na utulivu, jibu lao na mtikisiko. Mtu amekulia ndani ya kitu miaka hamsini na sita, halafu anakuja kuonyeshwa na binti wa jana. Sikuona aibu. Niliona raha, nikamwongezea chakula.

"Kumbe sikupashwa kupiga na macho," akasema. "Nilipashwa kupiga na sikio."

Siku sita zilizofuata zilikuwa za mvua na ukungu mzito. Jiweni huoni hata maji. Ikabaki siku moja, ya mwisho.

Asubuhi ile tulipanda moto mbili, zile pikipiki za abiria, yeye na mzigo wake, mimi na mfuko wa kilo tano za maharage. Maharage yalikuwa shauri lake. Lenzi ndefu ikiwa na dubla, hata pumzi yako inaitikisa. Ukiilaza juu ya mfuko wa maharage inalala kama mtoto mgongoni. Tulipofika, nani amekaa juu ya jiwe letu na kamera yake mpya? Egide. Alisema amekuja kutazama tu. Nikamwambia asogee basi atazame vizuri.

Wingu lilikuwa limetanda. Murekatete akafunga lenzi kwenye dubla, akailaza kwenye maharage, akazima ile mashine inayotafuta sura yenyewe, maana kwenye giza ilikuwa inahangaika mbele na nyuma kama kuku aliyepoteza yai. Akairekebisha kwa mkono. Alilenga jiwe linalotokeza majini pale konani, kwa sababu mitumbwi hupita hapo hapo kila siku.

Kisha tukasikia sauti. Upepo ulikuwa unashuka mlimani kwenda ziwani, kwa hiyo maneno hayakutufikia, sauti tu. Lakini ningeijua sauti ile hata usingizini.

"Sioni kitu, shangazi!" Dubla inaona mbali lakini inaona padogo, ni kama kumtafuta mbuzi kwa tundu la ufunguo.

"Kulia! Kulia tena! Shuka kidogo, haya, simama hapo!"

"Mwanga haitoshi," Egide akasema, safari hii bila kucheka. "Murekatete, sikiliza. Toa dubla. Utakosa vyote. Ni siku ya mwisho, dada yangu."

Nikaona mkono wa Murekatete unakwenda kwenye ile pete. Nikaona vidole vinaigusa. Mimi mwenye mdomo wote huu niliushika tu mfuko wa maharage usisogee, maana sikujua, na nilikuwa naogopa. Angeitoa, angepata picha ndogo ya mtu yeyote ndani ya mtumbwi. Asingeitoa, angeweza kukosa kabisa, na kesho kaka yangu hayupo kwenye mitumbwi.

Akaondoa mkono. Akavuta pumzi, akaanza kuimba.

Chini chini, puani. Aliimba pamoja na babake. Babake akitoa neno, anabonyeza mara moja. Wenzake wakiitikia, anaacha. Neno, anabonyeza. Jibu, anaacha. Pembeni kamera ya Egide ilikuwa inalia tatatata bila kupumua. Mtoto wetu alibonyeza mara kumi na moja tu, nilihesabu, halafu mitumbwi ikaingia nyuma ya miti na wimbo ukakoma.

Tisa ziliharibika. Ya kumi ilikuwa nzuri. Ya kumi na moja, ndugu zangu, ungehesabu ndevu! Kaka yangu amesimama katikati, shingo imekaza mishipa, mdomo umefunguka umeviringana, kasia kumi na mbili ziko hewani na kila kasia na tone lake la maji. Egide alizitazama zake kwenye kompyuta ya studio, akakata, akakuza, uso ukawa uji. Akaziangalia za Murekatete. Akavua miwani, akaiweka mezani.

"Bon," akasema. "Umenishinda." Na akaichapa mwenyewe, kubwa kama mlango kweli, kwenye karatasi yake nzuri kuliko zote, na akaibeba mwenyewe kichwani hadi Nyamyumba. Mwanamume akikubali kushindwa hivyo, mimi namsamehe, hata kama sijasahau.

Tuliisimamisha ukutani karibu na dirisha. Kaka yangu akasogea mpaka pua ikakaribia karatasi, akaanza kuisoma kipande kipande, kama anavyoweza. Wenceslas huyu. Mti wa katikati huu, niliukata mwenyewe. Mkono wangu. Kisha bomba lake likafika kwenye mdomo, likasimama hapo. Murekatete akasogea karibu yake.

"Papa, huoni?"

"Naona." Akaweka kidole juu ya mdomo wa picha. "Unajua hapa nilikuwa naimba nini?"

"Sijui. Upepo ilibeba maneno."

"Jina yako. Kutoka kona mpaka karibu na muchanga sikuimba jina ingine. Nilisema, Murekatete iko juu ya jiwe, Murekatete haogopi baridi, vuta, vuta."

Wenceslas, aliyekuja kumsalimia mzee na alikuwa amesimama mlangoni, akaitikia kwa kichwa. "Kweli. Asubuhi yote. Tulichoka na hilo jina."

Mtoto akakaa chini sakafuni. "Kumbe ulituona, papa?"

"Na macho gani?" kaka yangu akasema, kidole bado kiko palepale. "Ilikuwa siku ya mwisho ya kazi. Nilijua tu mutoto wangu hawezi kukosa kazini."