Mstari wa Pili

Siku tuliyokimbia Kashebere, jirani yangu alishikwa na uchungu njiani, katikati ya mashamba ya mihogo. Risasi zilikuwa zikilia nyuma yetu. Hapakuwa na mkunga wala glavu. Nilikuwepo mimi tu, na vidole vilivyojaa majeraha ya kisu cha kumenyea mihogo. Nilimpokea mtoto. Mama yake alipopata pumzi, aliutazama mkono wangu wenye damu.

"Dada, unisamehe. Niko na virusi. Dawa yangu yote ilibakia ku nyumba."

Sikumkasirikia. Ningemkasirikiaje? Lakini mgongoni nilikuwa na binti yangu anayenyonya, na tangu hapo kila alipolilia titi nilishikwa na hofu.

Tuliporudi kijijini nilinunua kipimo cha ukimwi cha mate, nikajifungia ndani, nikapangusa ufizi kwa kijiti chake, nikangoja. Mstari mmoja: sina virusi! Nilicheka peke yangu kama mwehu. Mwenye duka la dawa alikuwa ameniambia kwamba mwanzoni virusi havionekani, nipime tena baada ya miezi mitatu. Nilisikia nilichotaka kusikia. Kijiti chenyewe sikukitupa. Kwetu kitu cha kununua hakitupwi hovyo. Nilikificha kwenye mkebe wa chumvi, na kila asubuhi, kabla ya kunyonyesha, nilikitazama ili nitulie.

Asubuhi moja nikakuta mstari wa pili. Mwembamba, umefifia, lakini upo.

Nilimwachisha titi papo hapo. Alilia mpaka sauti ikamkauka, nami nikalia naye, kifua kikiniuma kwa maziwa, huku nikimnywesha uji kwa kikombe. Duka la dawa lilikuwa limeporwa, mwenyewe amekimbilia Pinga. Wenye silaha walikuwa wamefunga barabara ya kituo cha afya. Ilipofunguliwa, ile miezi mitatu ilikuwa imeshapita kitambo.

Muuguzi alinitoboa kidole, akasoma kipimo mbele yangu.

"Mama, uko muzima."

Nikamweleza habari za mstari wa mkebeni. Akashika kichwa.

"Ile kijiti banasomaka mu saa yake, kisha banatupa! Ikikaa sana inaweza kuleta mustari ya kudanganya."

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje, nikalegeza kitenge, nikampa binti yangu titi. Alilitazama, akalisukuma kwa kiganja, akageuka kutafuta kikombe chake.