Testa Kifuani

Siku ya kuwasha stima kanisani kwetu Gakindu, nilichomeka testa kwenye mfuko wa shati, kila mtu aone fundi amefika. Kumbe skrubu nilizofungia bodi ya swichi kwenye ukuta wa mabati nilikuwa nimezikaza kwa bisibisi hiyo ndogo ya kupimia stima. Ncha nyembamba iliteleza tu, nami nikadhani zimekazika.

Mama Njoki, mshonaji, aliigusa bodi kwa mpini wa fagio. Ikaning'inia.

"Ati fundi? Hiyo ya mfukoni ni ya kuonja stima!" Akatoa kwenye kiondo bisibisi pana ya cherehani. "Shikilia ngazi." Akapanda, akazikaza upya.

Taa zilipowaka, mchungaji akasema fundi apigiwe makofi. Kanisa zima likamtazama Mama Njoki, bado kule juu ya ngazi. Nilitaka kupiga pia, lakini ningeachaje ngazi?