Mabati ya Rangi ya Waridi

Mama yangu hapigi msumari ukutani. Buffalo hakupiga, Clintonville kule Columbus hakupiga, na hapa Louisville, mji wetu wa tatu Marekani, kuta zetu ni nyeupe kama za zahanati. Jamaa yeyote tuliyekuwa naye kambi ya wakimbizi akipiga simu kusema kwao kuna kazi nzuri zaidi, Mama anateremsha masanduku. Mimi nimechoka kuhamahama. Nataka nizeeke mahali ninapojua swichi ya taa ilipo.

Juzi simu ilitoka Buffalo tena: turudi. Mama akaanza kufunga vyombo.

Siku hiyohiyo, ghalani Jeffersontown, mama mmoja Mfilipino ninayepanga naye maboksi alinipa picha aliyoikata kwenye kalenda ya kwao. Ni mchoro wa mtaa wa mabanda: mabati na mbao vimepandana juu ya mfereji, banda moja la waridi, jingine manjano, jingine kijani cha embe bichi. Nguo zinakauka kila dirisha, jogoo yuko juu ya paa, na mwanamke anacheka mpaka unatamani kumuuliza kuna nini.

"Wachoraji wetu wanaipenda mitaa hii," aliniambia. "Mimi nimezaliwa humo."

Nikampelekea Mama. Akakunja uso.

"Shida nayo inapakwa rangi?"

"Nyumba njema si mlango, Mama."

"Na hizi hata mlango hazina!"

Nikakasirika. Nikaenda jikoni, nikafungua friji bila kutaka kitu, nikaifunga. Niliporudi alikuwa ameileta picha karibu na macho, kidole kikifuata ukuta wa waridi. Nikakumbuka nyumba yetu ya tope kambini Tanzania. Kila Krismasi alichanganya majivu na udongo mwekundu, akaichora kuzunguka mlango, na majirani wakaja kuiga. Kambi ilipofungwa tuliambiwa tubomoe wenyewe. Aliibomoa kwa jembe.

"Ulijua itabomolewa?" nikamuuliza.

"Nani hakujua? Kila mwaka walitutangazia."

"Sasa ulipaka ya nini?"

Akanitazama kama niliyemuuliza kwa nini anakula.

"Si tulikuwa tunakaa humo?"

Simu yake ikalia, Buffalo, akaiacha ilie. Akaishikiza picha ukutani. Akaniomba nyundo.

Hatukuwa na nyundo. Miji mitatu, hatukuwahi kuihitaji. Mama akafungua boksi la vyombo akatoa mchi wa kinu, nami nikakimbilia kwa jirani kuomba msumari.