Mama Pasi, Mumewe na Mwisho wa Tamthilia

Saa nane mchana. Pasi imeshika moto, na televisheni iliyo juu ya kabati inaonyesha tamthilia ya zamani iliyopauka rangi. Mwanamke mnene mwenye mikono myepesi ananyunyizia maji kola ya shati jeupe, kisha anainua macho.

"Tazama huyo," anasema. "Eti hana hata nauli, lakini suruali ina mstari unaoweza kukata kitunguu. Nani kampigia pasi? Maana mimi sikumpigia."

Mwanamume aliyeketi kando ya meza anacheka mpaka anakohoa. Ni mumewe, dereva wa lori aliyestaafu kabla ya wakati wake. Haioni suruali wala mstari wake, kwa sababu miaka miwili iliyopita presha ya macho ilimaliza nuru yote aliyokuwa nayo.

Wateja humwita Mama Pasi. Nguo za watu huzipiga pasi sebuleni, katika nyumba yao ya vyumba viwili, na kwa shati moja hulipwa bei ya mkate mdogo. Umeme ukikatika hukosa mkate na tamthilia kwa pamoja, na ukimuuliza lipi humuuma zaidi, atakwambia usimchokoze.

Kuhusu filamu za zamani hamung'unyi maneno. Anazipenda, ila haziogopi. Analalamika kwamba humo mtu akipigwa risasi hutoa hotuba kwanza, akagawa urithi, akasamehe maadui, ndipo akakubali kukata roho. Mgonjwa mahututi analala na wanja machoni. Kuna kijana mmoja, anasema, alimposa binti wa watu, na mpaka binti anafungua mdomo kumjibu, yeye Mama Pasi alikuwa amemaliza mashati mawili na shuka.

Hata hivyo za sasa hazimfurahishi.

"Mtu anaolewa, anaachwa, anafiwa, na mimi bado niko kwenye mkono wa kwanza wa shati," anasema. "Hawampi mtu nafasi ya kumhurumia mwenzake."

Mwalimu mmoja wa jirani huja kuchukua nguo zake, akishazipata hujikuta amevuta kigoda. Kwake ana televisheni kubwa kuliko hii. Anasema akitazama peke yake haoni utamu.

Lakini watu waliojua nyumba hii mwaka jana hawaamini wanachokiona leo. Macho yalipozimika, dereva alijifungia chumbani na redio ndogo. Chakula alipelekewa humo humo. Wageni wakija, amelala. Binti yao aliyeolewa mbali akipiga simu, baba alijibu nzuri, nzuri, kisha akamrudishia mama simu. Mama Pasi alibembeleza, akanuna, akawaita mashemeji zake waje waseme na ndugu yao. Wapi.

"Nilikuwa na mume nyumba moja, na nikawa namkumbuka kama aliyesafiri," anasema. Anaisimamisha pasi kidogo. "Inauma hiyo, mwanangu. Afadhali hata aliyesafiri anatuma salamu."

Kilichomtoa chumbani ni tamthilia hii hii, ambayo mwaka huu kituo kimoja kilianza kuirudia. Ni habari ya familia yenye hoteli ndogo. Yumo mjomba mtu anayesingiziwa kuiba mauzo, na dada yake wa tumbo moja anamfukuza. Dereva alimpenda mjomba huyo kama ndugu, ila enzi zile ilipoonyeshwa mara ya kwanza kazi ya masafa haikumwacha atulie, na sehemu ya mwisho ilimkuta njiani. Aliporudi alimkataza mkewe asimwambie ilivyoisha. Alisema itarudiwa, ataiona mwenyewe.

Mama Pasi, ambaye ulimi wake hauna mfupa, akaufungia mwisho huo moyoni zaidi ya miaka ishirini.

Siku mjomba alipofukuzwa tena katika marudio, mama alikuwa mezani na rundo la nguo. Akapaza sauti makusudi ifike chumbani: "Afadhali. Mwizi huyo tangu mwanzo, macho yake tu."

Alijua fika kwamba hakuiba. Kisha sauti ikatoka ndani, ya mtu aliyekasirika kweli kweli: mjomba hakuiba, funguo za droo alikuwa nazo shemeji. Mama akabisha. Kesho yake akamsingizia tena, na mumewe akaja kubishana akiwa ameegemea mlango. Kabla wiki haijaisha, nyoka alikuwa ametoka pangoni na kuketi kitini.

"Nilijua ananichokoza," anasema mume. "Lakini mtu anasingiziwa hivi hivi, nikae kimya?"

Tangu hapo mkewe ndiye macho yake, humsimulia kinachoonekana. Malalamiko hayakosekani. Dereva anasema akiuliza nani ameingia, huambiwa tu kwamba huyo aliyeingia amevaa vibaya.

Leo ndiyo sehemu ya mwisho. Jikoni, akichota maji ya kunyunyizia, Mama Pasi anasema kwa sauti ya chini kwamba usiku hakulala vizuri. Tamthilia ndiyo iliyomrudishia mume. Ikiisha, nini kitamzuia kurudi kwenye redio yake? Tena onyesho la mwisho halina neno hata moja, ni muziki mtupu. Alichokitunza miaka yote itabidi akitoe kwa kinywa chake, na hajui kama atakiweza.

Muziki unaanza. Anaizima pasi.

"Mjomba amerudi," anasema polepole. Safari hii hasemi neno juu ya mavazi. "Amezeeka. Dada mtu yuko kwenye benchi nje ya hoteli, amemwona. Hasemi kitu. Amesogea kumpisha. Mjomba amekaa."

"Enhe?"

"Basi. Imeisha."

"Hakumwomba msamaha?"

"Hakumwomba. Ndiyo maana siupendi mwisho huu. Miaka yote mimi namngoja yule mwanamke aseme pole."

Dereva anafikiri. "Amesogea lakini," anasema.

Kisha anainuka. Anapapasa ukuta, anaufikia mlango wa chumbani, anaingia. Mama Pasi anashika shati ambalo tayari limenyooka na kuanza kulikunja, analikosea, anaanza upya. Haangalii mlango.

Mume anarudi amekumbatia mto wa kitandani. Anaupachika kwenye kiti, anaukandakanda, anakaa.

"Hiki kiti kinaniumiza mgongo," anasema. "Kesho kuna nini?"

Mama Pasi anajifuta macho kwa kiganja kabla ya kujibu. Anamwambia kuna filamu ya zamani ya mpelelezi, mbovu kupindukia, hata muuaji anajulikana tangu anapobisha hodi.

"Haya," anasema mumewe. "Nikipitiwa na usingizi, niamshe."